Kiunganishi 'na' kinapomuunguza fundi

"We kijana, changanya kostiki na maji, chapchap!" Kisarufi, sentensi hii haina kasoro. Tatizo ni kwamba kiunganishi 'na' huviweka vitu viwili sako kwa bako bila kueleza kipi kitangulie. Ukichanganya unga na sukari, si neno. Kwa anayejifunza kutia vitambaa rangi katika chumba cha mabati pale Kiamaiko, mpangilio huo waweza kumgharimu macho.

Baadhi ya rangi za batiki, zile za jamii ya nili, haziyeyuki katika maji matupu. Huhitaji kostiki soda pamoja na haidrosi ndipo ziingie kwenye nyuzi. Kitambaa kikitolewa, hewa huirudisha rangi yake. Sasa, kostiki ikikutana na maji hutoa joto jingi hata bila jiko. Ukiitia kidogo kidogo katika maji mengi baridi, joto husambaa. Ukimwaga maji juu ya rundo la kostiki, maji machache yale huchemka ghafla na kuruka usoni.

Kauli ya kutendea ingetusaidia, ila nayo ina mtego. "Mwagia kostiki maji": hapa kostiki ni kitondo, maji ni kipozi, yaani maji yanaifuata kostiki. Hilo ndilo kosa lenyewe! Nafuu kutumia kiambishi cha mahali: "Tia kostiki majini." Hapo hakuna wa kukosea.

Majina nayo yana vituko. Karakana nyingi huita kila kitu 'dawa', na "dawa ya kushikisha rangi" yaweza kuwa magadi au kostiki. Magadi, yaliyolipa jina lile ziwa la Kajiado, ni mapole zaidi, japo nayo huwasha macho. Kostiki hula ngozi. Wapo wanaozikatiza zote mbili na kusema 'soda' tu, kisha masalio yakatiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya meza. Mtoto wa jirani atajuaje? Mimi ningelipiga marufuku neno hilo karakanani, na chupa hizo pia.

Kuna sufuria vilevile. Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika jina la shaba, lakini sufuria zetu za leo kwa kawaida ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa gesi inayoshika moto. Mwanafunzi akiambiwa "leta sufuria", ataleta ileile ya githeri. Aambiwe ndoo ya plastiki ngumu, glavu za mpira, miwani, na mlango uachwe wazi. Haidrosi nayo ifunikwe, ikae pakavu: ikipata unyevu hupata joto yenyewe, hutoa moshi wa salfa unaokaba koo, na yaweza kuwaka.