Picha za garimoshi zisipokusanywa, kumbukumbu ya reli yetu itapotea

KATIKA Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, vimesimama vichwa viwili vikubwa vya garimoshi. Kimoja kinaitwa Mount Gelai, namba 5918, na kingine Mount Shengena, namba 5930. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena uko katika Milima ya Pare. Yote miwili ipo Tanzania.

Majina hayo si ajabu. Vichwa hivyo vilikuwa mali ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Vya aina hiyo vilikuwa 34, vikatengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956, na vikapewa majina ya milima ya nchi zote tatu. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Hakuna vichwa vya mvuke vilivyovishinda kwa nguvu katika reli ya upana wa mita moja popote duniani.

Kwa sababu hiyo, wapenzi wa treni kutoka ng'ambo walivifuata na kamera zao. Uingereza tayari ilikuwa na desturi ya vijana kusimama stesheni wakiandika namba za vichwa vya treni, na tangu mwaka 1942 mchapishaji Ian Allan alikuwa akiwauzia vitabu vidogo vya namba hizo. Picha nyingi tunazoziona leo za garimoshi zikipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi zilipigwa na wageni wa aina hiyo.

Watu wetu nao walizijua treni, ila kwa njia nyingine. Mtoto aliyekulia kando ya reli aliitambua treni ya mizigo na ya abiria kwa mlio tu, kabla haijatokeza kwenye kona. Lakini kamera ilikuwa kitu cha wenye fedha, na hata aliyekuwa nayo aliogopa kuiinua mbele ya stesheni au daraja, asije akaulizwa na askari kibali chake kiko wapi.

Matokeo yake ni kwamba picha za mashine tunazo nyingi, lakini za watu ni chache: dereva, mchochea moto, fundi wa karakana, mwanamke aliyeuza mayai na ndizi dirishani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, vichwa na mabehewa viligawanywa, kila nchi ikaunda shirika lake. Vingi vya mvuke viliishia kuwa chuma chakavu. Sasa Kenya ina reli mpya tangu 2017, na Tanzania imeanza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme mwaka 2024. Kizazi kinachopanda treni hizo hakijui kwamba zamani shirika moja liliwahudumia babu zao wote.

Familia za wastaafu wa reli, kuanzia Mombasa na Tabora hadi Kampala, bado zina picha ndani ya masanduku. Zinafifia, na wanaoweza kutaja majina ya waliomo wanazeeka. Makumbusho na mashirika ya reli ya nchi zetu yangefanya vyema kuzinakili na kuandika majina hayo sasa, wenyewe wakiwa hai.