Mafumbo ya Namba na Akili ya Mtoto

Maongezi yetu ya leo ni juu ya hesabu, lakini msiogope. Hatutawapa orodha ya kukariri. Twataka kusema juu ya jambo linalowasikitisha walimu na wazazi wengi. Mtoto ajua kutamka kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, upesi kama kasuku, bali akipewa hesabu ya maneno, huinua kichwa akauliza, "Mwalimu, hii ni ya kujumlisha au ya kuzidisha?" Mtoto huyu hakupungukiwa na namba, amepungukiwa na njia ya kufikiri. Naye akitumwa dukani akarudishiwa fedha pungufu, huzipokea akashukuru, akaenda zake.

Dawa moja ya ugonjwa huu ni fumbo. Wazee wetu waijua tangu zamani. Jioni mmoja husema, "Kitendawili!" na watoto huitika, "Tega!" Naye mchezaji hodari wa bao huona kete zake zitakapoishia kabla hajazigusa. Basi namba nazo zina vitendawili vyake.

Tuanze na watoto wadogo. Chora pembetatu chini mchangani. Weka kiduara katika kila pembe, na kimoja katikati ya kila upande. Vyote ni sita. Mtoto atie namba 1 mpaka 6, kila moja mara moja tu, hata kila upande wenye viduara vitatu ufanye jumla ya 9. Wengi wataanza kwa kubahatisha. Waache kidogo, kisha uulize: namba 6 yaweza kukaa na zipi? Ili kutimiza 9 yataka wenziwe wawili wafanyao 3, nao ni 1 na 2 tu, hapana wengine. Namba iliyo pembeni hutumika kwa pande mbili, yaani yahitaji jozi mbili za wenzi. 6 ina jozi moja tu. Kwa hiyo haiwezi kukaa pembeni. Itakaa katikati ya upande, na 1 na 2 zitakuwa katika pembe. Pembe ya tatu ni 3. 5 itakaa kati ya 1 na 3, na 4 kati ya 2 na 3. Angalieni, mtoto hakubahatisha hata mara moja.

Sasa wakubwa. Chora mraba wenye vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Tia namba 1 mpaka 9, hata kila safu ya kwenda kando, kila safu ya kwenda chini, na mistari miwili ya mshazari, zote ziwe na jumla moja. Jumla gani? Hatukuambiwa, lakini twaweza kuijua. Namba zote tisa pamoja ni 45. Safu ni tatu zenye jumla sawa. Basi kila moja ni 15.

Je, chumba cha katikati kina nini? Iko mistari minne ipitayo hapo: wa kando, wa chini, na miwili ya mshazari. Jumla yake ni 15 mara nne, yaani 60. Katika 60 hiyo kila namba imehesabiwa mara moja, isipokuwa ya katikati iliyohesabiwa mara nne. Tukitoa 45 katika 60 inabaki 15, nayo ni ile namba ya katikati mara tatu za ziada. Basi ni 5. Yaliyobaki mtoto ataweza mwenyewe, akikumbuka somo la pembetatu: 1 ina jozi mbili tu, 5 na 9, tena 6 na 8, pembe yahitaji jozi tatu. Akimaliza, safu zake zaweza kuwa 2, 7, 6. Kisha 9, 5, 1. Kisha 4, 3, 8.

Mraba huu ni wa kale sana katika Uchina, na katika nchi nyingi za Kiislamu umeandikwa hata katika hirizi. Mwaka 1514 mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alitia katika picha yake mraba wa vyumba kumi na sita, wenye jumla ya 34. Na katika safu ya chini 15 na 14 zimekaa pamoja, zikiutaja mwaka wenyewe. Huko Japani, mwaka 2004, mwalimu Tetsuya Miyamoto aliwatungia wanafunzi wake fumbo liitwalo KenKen, ili wajifunze kwa kufikiri wenyewe.

Walimu, twawaomba mambo matatu. Kwanza, msiharakishe kutoa jibu. Jibu lililotolewa mapema ni fumbo lililouawa. Pili, mtoto akisema, "Hapa ni 5," mwulizeni, "Kwa nini haiwezi kuwa nyingine?" Tatu, akikosea asichekwe wala asipigwe, maana kosa lililoelezwa vema lafungua njia. Wala msidhani fumbo laondoa kazi ya kujifunza kujumlisha na kuzidisha. Asiyejua 8 na 6 atakwama mlangoni. Lakini ajuaye, akafundishwa na kufikiri, hatadanganywa dukani.

Nasi twawaachia moja la kufanya nyumbani. Vyumba ni vilevile tisa, lakini namba ni 2, 4, 6, mpaka 18. Jumla ya kila safu ni ngapi, na katikati pana nini? Msijaribu-jaribu, fikirini kwanza, kisha ndipo mshike kijiti. Kwaherini.