Ugumu na presha ya uvimbe wa saratani: vinapimwaje, na vina maana gani kwa mgonjwa

Na Mwandishi Wetu, Mkuu

MGONJWA mwenye uvimbe anayeteremka kutoka Mkuu wilayani Rombo, kupitia Mwika, Marangu na Himo hadi Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, hukutana kwanza na kipimo kisichohitaji umeme wala waya. Kipimo hicho ni vidole vya daktari.

Uvimbe unaoteleza chini ya vidole na kubonyea kama mpira mara nyingi si saratani. Ule mgumu kama jiwe, wenye kingo zisizo sawa na usiosogea, humtia daktari mashaka. Ni ujuzi wa kale na bado una thamani kubwa. Kasoro yake ni kwamba vidole haviandiki namba, na uvimbe ambao daktari mmoja anauita mgumu, mwenzake anaweza kuuita mgumu kiasi.

Kwa miongo kadhaa sasa watafiti wamekuwa wakitafuta namba hizo. Wanachopima ni mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: ugumu wa nyama ya uvimbe, na presha ya majimaji yaliyomo ndani yake.

Katika nyama yenye afya, majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu hukusanywa na mirija ya limfu na kurudishwa kwenye mzunguko. Presha yake hukaribia sifuri. Ndani ya uvimbe mambo ni tofauti. Mishipa yake huota ovyo na kuvuja, na mirija ya limfu hubanwa na seli zinazoongezeka bila mpangilio. Majimaji yanaingia, hayana pa kutokea, na presha inapanda hadi kulingana na ile iliyomo kwenye mishipa yenyewe.

Wakazi wa vihamba vya Kilimanjaro hawahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hilo. Maji ya mfongo huingia kwenye migomba kwa sababu shamba liko chini kuliko mfereji. Shamba likiinuka hadi kulingana na mfereji, maji husimama hata kama mto umefurika. Dawa ya saratani iliyotundikwa kwenye dripu hukumbwa na tatizo hilo hilo: inafika mlangoni mwa uvimbe, lakini hakuna msukumo wa kuiingiza ndani.

Namna ya kupima presha hiyo ni rahisi kuelezwa kuliko kutekelezwa. Daktari huchoma uvimbe kwa sindano nyembamba yenye tundu ubavuni na nyuzi laini ndani yake. Sindano hujazwa maji ya chumvi na kuunganishwa kwa mrija na kifaa kinachosoma presha kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha presha ya damu. Sindano huchomwa sehemu kadhaa, kwa kuwa uvimbe mmoja hauna presha moja.

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Toronto, Kanada, na matokeo yake kutolewa mwaka 2001. Walipimwa wanawake 102 wenye saratani ya mlango wa kizazi waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi. Miaka mitatu baadaye, asilimia 68 ya wale ambao presha ya uvimbe wao ilikuwa chini ya milimita 19 walikuwa hai bila ugonjwa kurejea. Kwa wale waliozidi kiwango hicho, ilikuwa asilimia 34. Ukubwa wa uvimbe pekee haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Matokeo hayo yanagusa moja kwa moja Tanzania, ambako saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Mkoa wa Kilimanjaro ulianza majaribio ya chanjo yake mwaka 2014, na chanjo ikaenea nchi nzima mwaka 2018. Hata hivyo, wanaougua sasa wengi wao ni wanawake waliokuwa wamevuka umri wa kuchanjwa, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kituo cha saratani cha KCMC kilifunguliwa Desemba 2016. Kabla ya hapo, safari ya wengi iliishia Ocean Road, Dar es Salaam.

Kipimo cha sindano kimebaki zaidi mikononi mwa watafiti. Ugumu, kwa upande wake, umekwisha kuingia kliniki kupitia mashine za altrasaundi. Mashine hutuma mtikisiko mdogo mwilini na kupima kasi yake, kwani mtikisiko hukimbia zaidi penye nyama ngumu. Jibu hutolewa kwa kilopaskali. Uvimbe wa titi unaozidi kilopaskali 80 huhesabiwa kuwa wa kutiliwa mashaka.

Kwa ini, mashine ya namna hiyo iliyobuniwa Ufaransa hutumika kupima makovu yanayoachwa na homa ya ini aina ya B, chanzo kikubwa cha saratani ya ini. Ini lenye afya husoma takriban kilopaskali 5, likizidi 12.5, hushukiwa kuwa limesinyaa kwa makovu. Mgonjwa hutakiwa kukaa saa tatu bila kula, maana chakula huongeza damu inayoingia kwenye ini na kupandisha namba.

Makovu hayo yanahusu tiba pia. Nyuzi ngumu zinazojaa katika uvimbe hubana mishipa ya damu hadi kuifunga. Mjini Boston, Marekani, watafiti walijaribu kuzilegeza kwa losartani, kidonge cha shinikizo la damu kinachofahamika hata katika maduka ya dawa ya Moshi. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya wagonjwa 49 wa saratani ya kongosho, na wengi wao waliweza kufanyiwa upasuaji. Lakini walipewa pia tibakemikali na mionzi, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mgonjwa asikinunue kidonge hicho kwa kusoma habari hii.

Tena si kila kigumu ni saratani. Uvimbe usio na madhara ukikaa muda mrefu huweza kujaa chokaa na kuwa kama kokoto, na zipo saratani za titi zilizo laini kwa kuwa zimejaa ute. Kwa sababu hiyo, hata mashine ikisoma namba kubwa kiasi gani, kinyama bado hukatwa na kupelekwa maabara kabla ya mgonjwa kuanzishiwa dawa.