Kitendawili cha tija ya kompyuta

Kitendawili cha tija ya kompyuta (huitwa pia kitendawili cha Solow) ni jina la swali lililowashughulisha wanauchumi na watafiti wa biashara tangu miaka ya 1980: kwa nini fedha nyingi zilizotumika kununua kompyuta hazikuonekana kuongeza tija? Tija hapa ni kiasi cha bidhaa au huduma kinachopatikana kwa kila saa ya kazi. Swali hilo lilichochea sana utafiti kuhusu thamani ya teknolojia ya habari katika biashara. Sehemu kubwa ya utafiti huo ilifanyika Marekani.

Chanzo

Kuanzia mwaka 1948 hadi 1973 tija nchini Marekani ilikua kwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Baada ya hapo kasi ilishuka hadi nusu hivi, ikabaki chini kwa zaidi ya miaka 20. Miaka hiyohiyo ndiyo kompyuta zilipoenea katika benki, bima, maduka na viwanda. Mwaka 1987 Robert Solow, mwanauchumi wa chuo cha MIT aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo, alidokeza katika gazeti la New York Times kwamba kompyuta zimejaa kila upande, ila ukizitafuta katika takwimu za tija huzioni. Alilisema hilo kwa kupita tu, akihakiki kitabu cha watu wengine, lakini neno lake likawa maarufu kuliko kitabu chenyewe.

Majibu yaliyopendekezwa

Mwaka 1993 Erik Brynjolfsson, naye wa MIT, alipitia tafiti zilizokuwepo. Kitendawili cha kawaida huwa na jibu moja. Yeye alitaja manne yanayowezekana.

La kwanza ni kasoro za upimaji. Benki ikiweka mashine za kutolea fedha, wateja huandika hundi chache zaidi. Takwimu zikipima kazi ya benki kwa idadi ya hundi, mashine hiyo itaonekana kupunguza kazi, ingawa mteja sasa anapata pesa zake hata usiku wa manane. La pili ni kuchelewa: matunda huja baada ya watu kujifunza. La tatu ni kwamba kampuni moja huweza kutumia kompyuta kuwanyang'anya wenzake wateja, bila jumla ya uzalishaji wa nchi kuongezeka. La nne ni uongozi mbaya, yaani mameneja hununua mitambo bila kujua kama inalipa.

Ushahidi kutoka kampuni mojamoja

Takwimu za taifa zima zilificha mengi, hivyo watafiti wakageukia kampuni mojamoja. Mwaka 1996 Brynjolfsson na Lorin Hitt walichapisha uchunguzi wa kampuni kubwa 367 za Marekani kwa miaka 1987-1991. Walikuta kwamba mtaji wa kompyuta ulichangia uzalishaji kwa kiwango kikubwa kuliko mitaji mingine. Uchunguzi wao wa baadaye ulionyesha kwamba mchango huo, ukipimwa kwa kipindi cha miaka 5 hadi 7, unaweza kufika mara tano ya ule unaoonekana katika mwaka mmoja.

Hata hivyo, tija si sawa na faida. Katika makala nyingine ya mwaka 1996 watafiti haohao walionyesha kuwa kompyuta ziliongeza tija na kuwanufaisha sana wateja, lakini hawakupata ushahidi kwamba kampuni zenyewe zilijipatia faida ya ziada. Sababu ni ushindani: wote wakinunua mtambo uleule, bei hushuka na manufaa humwendea mnunuzi. Tofauti hii husahaulika mara nyingi, hasa na wauzaji wa mitambo.

Mfano wa umeme

Mwanahistoria wa uchumi Paul David alitoa mwaka 1990 maelezo yanayotajwa mpaka leo. Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme mjini New York mwaka 1882, lakini karibu na mwaka 1900 mota za umeme zilikuwa na sehemu isiyofika asilimia 5 ya nguvu iliyoendesha mashine za viwanda vya Marekani. Kiwanda cha mvuke kilikuwa na mtambo mmoja mkubwa uliozungusha mhimili mrefu uliopita darini, na mikanda ikateremka kutoka hapo hadi kwenye kila mashine. Mashine zilipangwa kuufuata mhimili, si kufuata mtiririko wa kazi.

Wenye viwanda walipoanza kutumia umeme, wengi waliondoa mtambo wa mvuke tu wakaweka mota kubwa mahali pake. Akiba iliyopatikana ilikuwa ndogo. Ongezeko kubwa la tija lilikuja miaka ya 1920, baada ya kila mashine kupewa mota yake na majengo mapya ya ghorofa moja kupangwa upya kufuatana na hatua za kazi. Kwa hoja ya David, ofisi iliyoweka kompyuta juu ya meza na kuacha majalada na taratibu zilezile ilikuwa imebadilisha mota tu.

Mpangilio wa kazi

Hoja hiyo ilipata nguvu kutoka Uingereza. Mwaka 2012 Nicholas Bloom, Raffaella Sadun na John Van Reenen walionyesha kwamba matawi ya kampuni za Kimarekani nchini humo yalipata tija kubwa zaidi kutokana na teknolojia ya habari kuliko matawi ya kampuni za nchi nyingine. Nchi ni moja na soko ni moja. Kilichotofautiana ni namna ya kuajiri, kupandisha vyeo na kutuza wafanyakazi.

Ubishi

Kati ya 1995 na 2004 tija ya Marekani ilikua tena kwa kasi, wengi wakaona kitendawili kimeteguliwa. Mwaka 2003 Nicholas Carr aliandika katika Harvard Business Review kwamba teknolojia ya habari imekuwa kama umeme: kila mtu anayo, kwa hiyo haimpi yeyote nafasi ya kuwashinda wenzake. Wapinzani wake walijibu kwamba mashine hununuliwa, lakini ustadi wa kuzitumia haununuliwi. Kasi ya tija ilishuka tena baada ya 2004. Robert Gordon, asiyeamini kwamba kompyuta zinalingana na umeme, aliona huo ni ushahidi wa upande wake. Mjadala umefufuliwa na kuenea kwa akili bandia.