Meno ya Mfanyakazi Anayeacha Uraibu

Pombe na heroini hufifisha maumivu ya jino bovu. Mtu anapoziacha, maumivu hujitokeza kwa ukali, nayo huweza kumrudisha kwenye uraibu. Hapo mwajiri ana nafasi ya kumsaidia.

Kwanza, atoe ruhusa ya kutibiwa. Katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa. Mbalamwezi inapokolea, taa hazivuti dagaa na vyombo hupumzika. Huo ndio wakati mwafaka wa kwenda kliniki ya meno. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, kwa cheti cha daktari.

Pili, kazini pawe na maji safi badala ya soda, kwani methadoni hukausha kinywa, na meno huoza haraka mate yakipungua. Tatu, siri ya mgonjwa itunzwe.

Mfanyakazi naye apige mswaki kwa dawa yenye floridi kabla ya kulala, hata kama ni asubuhi, na amweleze daktari wa meno historia yake, asije akaandikiwa dawa ya maumivu yenye kuleta uraibu.