Kutoka Ukunda Hadi Nairobi kwa Ndege: Umbali na Muda Wake

Watu wa Tiwi, Diani na Msambweni wamezoea kuziona ndege zikishuka katika kiwanja cha Ukunda. Wengi huuliza: Je, Nairobi ni mbali kiasi gani kwa njia ya anga, na ndege hutumia muda gani?

Ukipigwa mstari ulionyoka juu ya ramani, kutoka Ukunda mpaka kiwanja cha Wilson kilichoko Nairobi, urefu wake ni yapata kilomita 450. Kwa barabara, kupitia Mombasa na Voi, ni zaidi ya kilomita 500. Basi ndege haifupishi njia sana. Faida yake ni mwendo.

Ndege ya rafadha mbili iendayo kilomita 500 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa dakika 54. Lakini ratiba huonyesha saa moja na zaidi, wala hapana udanganyifu. Ndege hungoja zamu yake chini, hupanda polepole, na hupunguza mwendo mapema kabla ya kutua. Ndege ndogo ya injini moja, iendayo kilomita 300 kwa saa, huhitaji saa moja na nusu.

Tena kuna upepo, jambo ambalo manahodha wa pwani hawahitaji kufundishwa. Kusi huikabili ndege itokayo Nairobi na kuisukuma ile irudiyo. Upepo wa kilomita 40 kwa saa huzifanya zile dakika 54 kuwa 59 wakati wa kuja, na 50 wakati wa kurudi.

Hata hivyo, muda wa ndege si muda wa safari. Kutoka Tiwi mpaka Ukunda ni kama kilomita 10. Lakini atakaye kupandia kiwanja cha Moi, Mombasa, hana budi kwenda kama kilomita 20 mpaka Likoni, angoje kivuko, akipite kisiwa chote na kuvuka Makupa. Ama azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu.

Tuseme mgonjwa wa Tiwi anatakiwa hospitalini Nairobi saa nne asubuhi. Akihesabu saa moja ya hewani peke yake, atachelewa. Na ahesabu hivi: nusu saa ya kufika Ukunda, saa moja ya kukaguliwa na kupimiwa mizigo, saa moja na robo ya ndege, na nusu saa katika barabara za Nairobi. Jumla ni saa tatu na robo; yaani aondoke nyumbani saa moja kasorobo, wala asikawie. Ikiwa siku hiyo hakuna ndege iondokayo mapema hivyo, yafaa asafiri siku iliyotangulia.