MAJI YA MERU: KUYASAFISHA NA KUYAWEKA AKIBA

Juma lililopita mama mmoja katika darasa letu aliuliza hivi: "Mwalimu, mwanangu hupiga mswaki asubuhi na jioni. Mbona meno yake yana madoa ya kahawia?" Darasa likanyamaza, maana wengi wetu tunayo meno ya namna hiyo. Leo nitamjibu mama huyo, na jibu lake litatufikisha mpaka kwenye fedha za Serikali.

Mlima Meru ni mlima wa volkano, nao ulitoa moto mara ya mwisho mwaka 1910. Mawe na majivu yake yana madini yaitwayo floraidi. Maji ya mvua yashukapo hayana floraidi ila kidogo mno. Yakizama ardhini hupita polepole katikati ya mawe, na kadiri yanavyokaa humo ndivyo yanavyoyeyusha madini hayo. Ndiyo sababu chemchemi mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana sana, ingawa macho na ulimi havioni tofauti.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kwamba lita moja ya maji isiwe na zaidi ya miligramu 1.5 za floraidi. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1970, kipimo cha muda cha vijijini kilifika miligramu 8, kwa kuwa maji mengine hayakupatikana. Baadaye kikashushwa hadi 4, na mwaka 2018 kikawa 1.5. Kushusha kipimo katika karatasi ni kazi rahisi. Kushusha floraidi katika bomba kwahitaji fedha.

Sasa, mama yetu, sikiliza. Meno ya kudumu ya mtoto hujengwa ndani ya ufizi kabla hajatimiza miaka 8 hivi. Akinywa floraidi nyingi wakati huo, jino hutoka likiwa tayari na doa, wala mswaki hauwezi kulifuta. Mtoto hana kosa, na mzazi hana uvivu. Mtu akiendelea kunywa maji makali kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia: mgongo hukakamaa, viungo huuma, na miguu ya watoto wengine hupinda.

Je, kuchemsha kunasaidia? Kuchemsha huua vijidudu, basi endeleeni. Lakini floraidi haifi kwa moto. Maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki, na yaliyosalia sufuriani huwa makali zaidi. Tena magadi tunayotia katika maharage huongeza floraidi katika chakula.

Zipo njia za kuiondoa. Ya kwanza ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa penye hewa kidogo, husagwa, kisha maji hupitishwa humo, nao mkaa huinasa floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hiyo. Mkaa ukishiba hauna budi kubadilishwa. Ya pili ni kutia shabu na chokaa katika ndoo, kukoroga, na kuacha machicha yatuame. Ya tatu ni mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye matundu madogo mno. Mtambo wa namna hiyo ndio unaotumika pwani kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Kazi yake ni nzuri, lakini hula umeme mwingi, na huacha maji machafu yenye madini mengi ambayo lazima yatafutiwe mahali pa kumwagwa. Ya nne ni kuchanganya maji makali na maji yenye floraidi kidogo.

Njia hizi nyingine zafaa nyumba moja au shule moja. Mji mzima wahitaji Serikali. Mwaka 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa mkopo kwa mradi wa maji na usafi wa Jiji la Arusha. Gharama yote ilikuwa kiasi cha dola milioni 234, yapata shilingi bilioni 520, na sehemu yake ikatolewa na Serikali. Nia ilikuwa kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200, yaani mara tano. Kumbukeni kwamba mkopo ni deni, nalo hulipwa na wananchi kwa kodi na kwa bili. Kwa hiyo ni haki yenu kuuliza maji yamepimwa lini, na kipimo kilisema nini.

Jambo la mwisho ni akiba. Watu wa Abu Dhabi, wasio na mito, husafisha maji ya bahari na kuyahifadhi chini ya mchanga wa Liwa. Ghala hilo lililofunguliwa mwaka 2018 lina mita za ujazo milioni 26, ili watu milioni moja wapate lita 180 kila siku kwa siku 90 wakati wa dharura. Sisi mvua hutujazia ghala bila malipo, lakini si kila mwaka. Kule Makutupora, Dodoma, vipimo vilivyoanza miaka ya 1950 vimeonyesha kwamba maji ya ardhini huongezeka hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Tukivuta maji kila siku, na huku tunakata miti na kufunika ardhi kwa saruji, ghala hupungua. Tena kwetu Meru akiba haina budi kuwekwa penye mawe yanayofaa, la sivyo tutahifadhi maji na floraidi pamoja.

Wakati tukingojea, kingeni maji ya mvua kutoka bati safi, mkayafunike vema na kuyachemsha, na muwawekee kwanza watoto wadogo kwa kunywa na kupikiwa. Ya kisima yatumieni kwa kufua na kuogea.

Maswali ya kujadiliana:
1. Maji mnayokunywa yanatoka wapi, na nani ameyapima?
2. Kwa nini kuchemsha hakuondoi floraidi?
3. Kama kijiji kina fedha kidogo, kianze na njia ipi, na nani atabadilisha mkaa?

Kwaherini mpaka juma lijalo.